Uzinduzi wa Vitabu Vyuoni na Wajibu wa Mhakiki

Miongoni mwa shughuli za utamaduni zilizoota mizizi katika vyuo vikuu vyetu ni ile ya waandishi kuhudhurisha mbele ya hadhara vitabu vyao vilivyotoka mitamboni karibuni. Shughuli hiyo ni njema, wala hatukusudii kuibeza. Nchi ambayo vitabu vyake huzaliwa kimyakimya na kufa kimyakimya haiwezi kudai kuwa ina fasihi iliyo hai. Lakini kwa kuwa jambo hili limekwisha kuwa desturi, nayo desturi ni sehemu ya utamaduni, yafaa lihakikiwe kama tunavyohakiki tamthilia au diwani.

Hivi karibuni tulihudhuria hafla moja ya namna hiyo. Waandishi walikuwa watatu, na muda uliotengwa ulikuwa wa saa tatu. Saa nzima ya kwanza ilimezwa na utambulisho wa meza kuu na kumngoja mgeni rasmi. Naye alipofika, utambulisho ukarudiwa. Kisha utepe ulikatwa, picha zikapigwa, nakala chache zikanadiwa. Wahakiki walioalikwa walisema kwamba vitabu ni vizuri, lugha yake nyepesi, majalada yake yanapendeza, na kila Mtanzania anapaswa kuvisoma. Mmoja wao alikiri, kwa unyofu ambao twamsifu, kwamba alikabidhiwa kitabu jana yake jioni. Hakuna mwandishi aliyesoma hata ukurasa mmoja wa kazi yake. Mwanafunzi aliyeketi nyuma aliposimama kuuliza kwa nini mwanamke aliye mhusika mkuu wa riwaya mojawapo anaadhibiwa kwa kosa ambalo mwanamume aliyelitenda pamoja naye anasamehewa, mshereheshaji alimwomba radhi kuwa wakati umekwisha. Hilo ndilo swali pekee la fasihi tulilolisikia siku ile.

Nasi hatujitoi katika lawama hii. Tumewahi kupanda jukwaani na kukisifu kitabu tulichokisoma nusu, kwa kuwa mwandishi wake alikuwa jirani yetu ofisini, na kwa kuwa kukosoa hadharani kungeonekana utovu wa adabu.

Wako wanaoshikilia kwamba kumkosoa mtu siku ya furaha yake si mila yetu. Dai hili halina msingi katika historia ya fasihi yenyewe. Huko Mombasa, Muyaka bin Haji alitunga akijibizana na washairi wenzake; huko Pemba, Kamange na Sarahani walitupiana beti kwa ukali usiofichika. Shairi lililotolewa mbele ya watu lilingoja jibu, na aliyeshindwa kujibu ndiye aliyefedheheka. Wala vyuo vyetu havikuwa vigeni wa malumbano. E. Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, diwani yenye mashairi yasiyofungwa na vina na mizani, ulizuka ubishi mkali kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko. M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi waliingia katika ubishi huo kwa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, 1979. Ushairi wa Kiswahili haukufa kwa ubishi ule. Pande zote mbili zililazimika kueleza shairi ni nini, jambo ambalo awali kila mmoja alilichukulia kuwa linajulikana.

Liko jambo jingine lililotukera. Kati ya vitabu vile vitatu, viwili vilikuwa vya Kiingereza, ilhali hotuba zote za kuvisifu zilikuwa za Kiswahili. Yaani umma uliitwa kushangilia katika lugha yake kitu ambacho hautakisoma katika lugha hiyo. Twajua kwamba njia ya kurudi nyumbani ni ndefu: Paradise ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, ilitoka mwaka 1994, lakini msomaji wa Kiswahili aliipata kwa jina la Peponi mwaka 2022, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, mwaka mmoja baada ya mwandishi kutunukiwa Tuzo ya Nobel. Miaka 28! Basi ingefaa siku ya uzinduzi mwandishi aulizwe, bila kuonewa haya, ni nani atakayekifasiri kitabu chake na lini.

Pendekezo letu halihitaji fedha nyingi. Nakala ziwekwe maktabani majuma mawili kabla ya hafla, mwandishi asome kurasa zake mwenyewe, mhakiki awe mtu aliyekwisha kusoma, na maswali yatangulie hotuba ya mgeni rasmi.

Tulipokuwa tukitoka, tulimwendea mwandishi wa ile riwaya tukamrudishia swali la mwanafunzi. Alinyamaza kidogo, akasema kwamba hilo hakuliwaza, na kwamba hata mhariri wake hakumwuliza. Wakati huo alikuwa akitia saini nakala.