Kitabu Kilichoandikiwa Nyumbani: Kuisoma Upya Katekisimo Ndogo

Kila Mlutheri aliyepata kipaimara anakijua kijitabu hiki chembamba, na wengi wetu hatujakifungua tena tangu siku ile. Ni Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, iliyotolewa mwaka 1529. Tunakiita kitabu cha darasa la kipaimara, na ndivyo tunavyokitumia: mwalimu anakifundisha, watoto wanakikariri, mchungaji anawauliza mbele ya usharika, kisha kinarudi kabatini. Katika makala hii nataka tukisome kama watu wazima. Kinasema nini juu ya malezi ya mtoto? Kinasema na nani? Kina nguvu wapi, na kinapungua wapi? Naamini tumekabidhiwa kitabu cha sebuleni, nasi tukakifungia ofisini kwa mwalimu wa kipaimara.

Tuanze na chanzo chake. Mwaka 1528 Luther alishiriki kuzikagua sharika za Saksonia huko Ujerumani, na alichokikuta kilimhuzunisha. Anasema katika utangulizi wake kwamba watu wa vijijini hawakujua karibu lolote la mafundisho ya Kikristo, na wachungaji wengi hawakuwa na uwezo wa kufundisha. Mwaka uliofuata aliandika katekisimo mbili. Ile Kubwa inafaa zaidi wahubiri na walimu. Ile Ndogo ilianza kuchapwa kwenye karatasi kubwa za kutundikwa ukutani, kama sisi tunavyotundika kalenda. Na juu ya kila sehemu yake, kuanzia Amri Kumi hadi Sakramenti ya Altare, aliweka kichwa cha maneno kinachomweleza mkuu wa nyumba namna ya kuwafundisha watu wa nyumbani mwake kwa urahisi. Kwa hiyo aliyepewa kazi hii kwanza ni mzazi. Mwalimu wa kipaimara anakuja baadaye, kama msaidizi.

Tazama pia sala zilizofuata baada ya mafundisho. Mtu anapoamka ajitie ishara ya msalaba, aseme Imani na Sala ya Bwana, kisha aende kazini kwa furaha. Jioni afanye vivyo hivyo, kisha alale mara moja kwa moyo mkunjufu. Wakati wa chakula watoto waje mezani wamekunja mikono, washukuru. Hapa hakuna ubao wala dawati. Kuna kitanda, meza na kazi ya siku. Ni mahali palepale Musa alipowaelekeza Waisraeli katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6: nyumbani, njiani, wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Aliyeandika haya naye alikuwa mzazi. Mwanawe Hans alizaliwa mwaka 1526, na binti yake mchanga, Elisabeth, walikuwa wamemzika mwaka 1528.

Nguvu ya kwanza ya kitabu hiki ni jinsi kinavyoeleza amri. Mtoto anapokatazwa kuua, Luther haishii kwenye katazo. Anamfundisha amsaidie jirani yake katika kila shida ya mwili. Anapokatazwa kushuhudia uongo, anafundishwa amtetee jirani na kuyafikiria mambo yake kwa wema. Mara nyingi amri ina pande mbili, lile la kuacha na lile la kutenda. Malezi yetu mengi yanaegemea upande mmoja tu. Tunamwambia mtoto usipige kelele, usiibe, usicheze na wale, usiguse. Jioni mtoto ana orodha ndefu ya yasiyofaa, na hajaambiwa hata moja la kufanya kwa ajili ya mtu mwingine. Mtoto anayeagizwa ampelekee bibi jirani maji, bila malipo na bila kusimuliwa kanisani, amefundishwa amri ya tano kuliko aliyeikariri mara mia.

Nguvu ya pili iko katika ombi la mkate wa kila siku. Luther anapolieleza anataja vitu vingi: chakula na mavazi, nyumba na shamba, mifugo na fedha, mwenzi mwema na watoto wema, serikali nzuri, hali njema ya hewa, amani, na majirani wa kuaminika. Mzazi akiisoma orodha hii kwa utulivu ataona kwamba ndani yake mna ratiba nzima ya shule. Kilimo kimo, biashara na hesabu zimo, uraia umo, jiografia ya mvua na ukame imo. Kwa hiyo Mkristo hana sababu ya kugawanya elimu ya mtoto mafungu mawili, moja la Mungu Jumapili na jingine la dunia Jumatatu hadi Ijumaa. Mtoto anayejifunza vizuri kwa nini mahindi yanahitaji mbolea anajifunza jinsi Mungu anavyoujibu mkate anaouomba.

Ndiyo maana Luther huyohuyo, aliyeikabidhi nyumba kazi ya kufundisha imani, alikuwa mtetezi mkubwa wa shule. Mwaka 1524 aliwaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani akiwasihi waanzishe na kutunza shule za Kikristo, za wavulana na za wasichana pia. Hoja yake haikuwa kwamba wazazi wajivue wajibu. Alisema kwa uwazi kwa nini nyumba peke yake haitoshi: wako wazazi wasio na moyo wa kulea, wako wengi zaidi wasiojua namna ya kulea, na wako ambao wangependa na wangeweza lakini hawana nafasi. Maneno hayo yana karibu miaka 500, lakini mama anayepanda daladala alfajiri na kurudi saa tatu usiku atajitambua katika kundi la tatu. Shule ni mkono wa kumsaidia mama huyo, na usharika pia. Lakini msaidizi anamsaidia mwenye kazi. Mwenye kazi akiondoka kabisa, huyo si msaidizi tena.

Hapo ndipo desturi yetu ya sasa inapohitaji kukosolewa. Tumeigawa kazi kirahisi mno. Ada inalipwa, kwa hiyo shule itamtia mtoto akili na nidhamu. Jina limeandikishwa usharikani, kwa hiyo mwalimu wa kipaimara atamtia imani. Mzazi anabaki na kazi ya kugharamia. Na kwa kuwa yeye ni mgharamiaji, siku ya kipaimara inakuwa siku yake: suti, gauni, keki, ukumbi, mpiga picha. Mtoto anaulizwa amri ya nne mbele ya usharika, na kwa baba wengi hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia mtoto wao akilisema neno la imani kwa sauti. Kisha tunashangaa kwamba vijana baada ya kipaimara hawaonekani ibadani. Tuliifanya iwe kama mahafali, nao wakahitimu.

Waliokwenda mbali zaidi walimpeleka bweni mtoto ambaye bado hajaweza kufunga kamba za viatu. Mwaka 2023 Wizara ya Elimu, kwa Waraka wa Elimu Namba 2, ilizuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Wako waliofika huko kwa dhiki ya kweli, kama mzazi aliyebaki peke yake au anayehamishwa kikazi kila mara, na hao hatupaswi kuwahukumu. Lakini wengine tulishawishika na wastani wa mitihani na Kiingereza cha mtoto, tukaona kwamba jina la Kikristo langoni mwa shule linatosha kushika nafasi ya mama wakati wa kulala. Sala ya jioni katika Katekisimo Ndogo ina maana kwa sababu kuna mtu mzima anayempenda mtoto aliye karibu na kitanda chake.

Nikikisifu kitabu, lazima niseme pia kinapopungua.

Kwanza, vichwa vyake vinamtaja baba wa nyumba. Katika jamii ya wakati ule ilieleweka hivyo, lakini tukiyasoma maneno hayo kwa ufinyu tutawanyamazisha walimu wakuu wa imani katika nyumba zetu. Timotheo alipokea imani iliyokaa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Tim. 1:5), na baba yake alikuwa Myunani (Mdo. 16:1). Ni nyumba ngapi katika mitaa yetu ambamo bibi ndiye anayeanzisha wimbo wa jioni? Kichwa kile kinamhusu yeye, na kinamhusu baba pia, ambaye mara nyingi hayupo wimbo unapoanza.

Pili, utangulizi una ukali unaopaswa kukataliwa. Luther anakiri kwamba hakuna awezaye wala apaswaye kumlazimisha mtu kuamini. Papo hapo anataka wanaokataa kujifunza wanyimwe chakula na kinywaji na wazazi na mabwana zao, hata wafukuzwe nchini. Huyu ni mtu aliyekumbuka mpaka uzeeni jinsi alivyochapwa mara 15 asubuhi moja shuleni, na aliyeandika kwamba shule za utoto wake zilikuwa kama jehanamu. Inasikitisha kwamba aliyeumia hivyo aliona njaa ni chombo cha kufundishia neema. Lakini kitabu chenyewe kinajisahihisha. Katika orodha ya wajibu iliyo mwishoni, Luther ameliweka neno la wazazi kabla ya neno la watoto, ingawa katika Waefeso sura ya 6 watoto ndio wanaotangulia. Na neno lenyewe kwa wazazi ni kwamba wasiwachokoze watoto wao hadi wakasirike. Sisi tunaomchapa mtoto kwa kukosea maelezo ya Ubatizo tungefaa kuanza na mstari huo. Tendo linalotangaza kwamba Mungu amempokea mtoto kabla hajajua lolote haliwezi kufundishwa kwa kiboko.

Tatu, na hili ndilo zito kwangu. Katika kitabu hiki swali la maana ya jambo linarudi tena na tena, na jibu lake limekwisha kuandikwa. Kwa desturi yetu mkubwa anauliza na mdogo anajibu. Lakini katika Maandiko, jambo la imani linapofundishwa nyumbani, mara nyingi mtoto ndiye anayeuliza. Anauliza maana ya Pasaka (Kut. 12:26), maana ya amri (Kum. 6:20), maana ya mawe yaliyotolewa Yordani (Yos. 4:6). Na mzazi hajibu kwa kanuni. Anasimulia: tulikuwa watumwa, na Bwana akatutoa.

Tofauti hii inaonekana siku ya msiba. Mtoto wa miaka tisa anauliza kwa nini shangazi amekufa ilhali jumuiya nzima ilikuja kumwombea. Jibu la kukariri halimfikii. Wengi wetu tunamwambia anyamaze, maswali hayo ni ya wakubwa, au kazi ya Mungu haina makosa. Mtoto anajifunza kwamba imani ni mahali ambapo maswali hayaruhusiwi, na atakapofika sekondari au chuo atayapeleka maswali yake kwingine. Mzazi akimpakata na kusema, "Mwanangu, hata mimi nililia na kumuuliza Mungu hivyohivyo, na bado naomba," amefundisha Imani ya Mitume kwa lugha ambayo mtoto hataisahau. Katekisimo haimkatazi kufanya hivyo. Luther anashauri kwamba maneno yakishajulikana yaelezwe maana yake, na kwamba kila mwalimu akazie zaidi amri ambayo watu wake wanaihitaji zaidi. Kwa mafundi na wafanyabiashara akazie ile ya wizi.

Ushauri huo unatugeuzia macho sisi wenyewe. Nyumbani kwako amri ipi inahitaji kukaziwa, na kwa nani? Mtoto anayemsikia baba akisema kwenye simu kwamba yuko Morogoro ilhali yuko Kariakoo amekwisha kufundishwa amri ya nane. Mtoto anayemwona mama akitafuta mtihani uliovuja amefundishwa amri ya saba. Anayeona jinsi dada wa kazi anavyoitwa na anavyolishwa amefundishwa jirani ni nani. Mwalimu wa shule ya Jumapili ana saa moja kwa wiki ya kuyafuta hayo, naye hawezi.

Basi tukirudishe kitabu mahali pake. Haihitaji mpango mkubwa. Familia ichukue amri moja kwa wiki, au ombi moja la Sala ya Bwana, isomwe mezani, kisha watoto waachwe waulize wanachotaka, hata kama jibu la mzazi litakuwa, "Sijui, tumuulize mchungaji pamoja." Baraza la wazee liwaite wazazi wa watoto wa kipaimara siku ya kuanza darasa, si siku ya kuchangia sherehe tu, na liwape kazi: kila wiki mtoto amsimulie mzazi alichojifunza, na mzazi amsimulie mtoto ni wapi alilihitaji neno hilo maishani. Walimu Wakristo walioko shuleni, za kanisa na za serikali, wafundishe hesabu na sayansi kwa bidii na kusahihisha kwa haki, wakijua kwamba wao nao wanalihudumia ombi la mkate wa kila siku.

Mtoto huenda akasahau maelezo aliyokariri. Nyumba ambayo maneno hayo yalikuwa na maana ndani yake itabaki kumsemesha, hata akiwa mbali nayo.