Aliyepata Hasara Yuko Wapi? Tamthilia za Televisheni Kuhusu Ulaghai wa Kampuni

Mwalimu mwenzangu, bila shaka umewahi kusahihisha rundo la insha zinazoanza kwa sentensi ileile: maudhui makuu ni ufisadi. Mtahiniwa akishaandika hivyo huweka kalamu chini kana kwamba kazi imekwisha. Lakini neno ufisadi halijatuambia lolote mpaka tujue nani kamwibia nani, na ni yupi kati yao ambaye mwandishi amemweka mbele ya macho yetu. Hebu tulichunguze suala hili katika kazi ambazo wanafunzi wetu huzitazama kwa hiari yao, yaani tamthilia za televisheni zinazosimulia kampuni kubwa zilivyoanguka kwa udanganyifu. Nimeteua mbili za Marekani.

Mtunzi wa kazi ya aina hii hukabiliwa na ugumu mmoja tangu mwanzo. Jambazi akivunja duka, pana mlango, pana kelele, pana mtu wa kukimbizwa. Mhasibu akihamisha deni kutoka daftari hili hadi lile, mtazamaji ataona nini? Wizi wa ofisini ni wizi usio na kitendo.

The Crooked E ni filamu iliyoonyeshwa na televisheni ya CBS mwezi Januari 2003. Inahusu Enron, kampuni ya nishati ya mjini Houston ambayo hisa yake ilifikia dola 90 hivi mnamo Agosti 2000, ikashuka chini ya dola moja mwishoni mwa Novemba 2001, kisha kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika tarehe 2 Desemba. Anwani yenyewe ni jazanda. Herufi E katika nembo ya Enron ilichorwa ikiwa imeinama, na neno la Kiingereza lililotumiwa lina maana ya kitu kilichopinda na pia mtu mdanganyifu. Mwanafunzi wa Kiswahili hapaswi kupata taabu hapa, kwani nasi twasema mnyofu kwa fimbo na kwa mtu.

Msimulizi ni Brian Cruver, kijana aliyeajiriwa mwaka uleule wa 2001, miezi michache kabla ya anguko; filamu imejengwa juu ya kitabu chake. Kwa hiyo tunayemfuata ni mhusika asiyejua kitu, ilhali sisi tunajua mwisho wake tangu mwanzo. Hicho ndicho kinaya cha kidrama. Taharuki haitokani na swali la nini kitatokea. Hutokana na swali la lini huyu kijana atagundua. Mbinu hii ina gharama yake. Kwa kuwa Cruver havioni vitabu vya hesabu, nasi hatuvioni, na hila yenyewe inabaki gizani. (Wakuu wa kampuni, Kenneth Lay na Jeffrey Skilling, walipatikana na hatia mwaka 2006, miaka mitatu baada ya filamu kuonyeshwa.) Lakini angalia faida yake: anayefutwa kazi ndiye anayezungumza. Takriban wafanyakazi 4,000 waliambiwa waondoke siku moja baada ya kampuni kufilisika, wengi wao wakiwa wameweka akiba ya uzeeni katika hisa za kampuni hiyohiyo. Katika filamu hii hasara ina mdomo.

Kwa wanaopenda jukwaa, Lucy Prebble aliandika tamthilia kuhusu kampuni hiyo mwaka 2009 nchini Uingereza. Aliziwakilisha kampuni bandia zilizotumiwa kuficha madeni kwa waigizaji waliovaa vichwa vya dinosau na kulishwa noti za dola. Hilo ni jibu la kijasiri kwa ugumu niliotaja, ingawa ilipopelekwa Broadway mwaka 2010 haikudumu hata mwezi mmoja.

Sasa tuje kwa The Dropout, mfululizo wa sehemu 8 ulioonyeshwa Machi na Aprili 2022. Unamhusu Elizabeth Holmes, aliyeanzisha Theranos mwaka 2003 akiwa na umri wa miaka 19, akidai kwamba mashine yake ingepima magonjwa mengi kwa matone machache ya damu. Hapa ugumu wa kuonyesha ulaghai umetatuliwa vizuri sana. Mashine ipo mezani, haifanyi kazi, na tunaona kwa macho yetu matokeo ya uongo yakionyeshwa wageni. Tunamwona pia Amanda Seyfried, aliyeigiza nafasi ya Holmes, akiwa mbele ya kioo akijifunza kuongea kwa sauti nzito. Onyesho hilo moja linasema mengi kuhusu usawiri wa wahusika kuliko kurasa za maelezo.

Niliwaonyesha wanafunzi wangu vipande vichache (mfululizo mzima haufai darasani). Wengi waliandika kuwa Holmes ni mwenye bidii, jasiri na mwenye maono. Sikuwanyima alama. Ushahidi wao ulikuwepo. Yeye ndiye tuliyemwona akilia, akiogopa na akikesha, na mtazamaji humpenda anayekesha naye. Mwanasayansi Ian Gibbons, aliyejitoa uhai mwaka 2013 alipokuwa ameitwa kutoa ushahidi, amepewa uzito unaostahili. Wagonjwa waliopewa majibu ya damu yasiyo sahihi hawana nafasi kama hiyo. Wao ni wahusika wa kutajwa tu. Jambo la kushangaza ni kwamba mahakamani pia, Januari 2022, Holmes alipatikana na hatia kwa mashtaka manne ya kuwalaghai wawekezaji, na kuondolewa mashtaka yaliyohusu wagonjwa.

Linganisha na Mstahiki Meya ya Timothy Arege, ambayo wengi wetu tuliifundisha ilipokuwa kitabu teule. Meya Sosi anajitapa, lakini mwandishi hatuachi tukae naye ofisini muda mrefu. Anatupeleka kwa daktari Siki, kwenye zahanati isiyo na dawa. Hasara ya Cheneo ina mahali, ina harufu.

Kwa hiyo, mtahiniwa, ukiulizwa kuhusu ufisadi katika kazi yoyote, anza kwa kuhesabu maonyesho aliyopewa mwenye kudhulumu na yale aliyopewa aliyedhulumiwa. Kisha tazama nani anamsemea huyu wa pili. Katika sehemu ya mwisho ya The Dropout, ofisi za Theranos zikiwa tupu, kuna mtu mmoja hatimaye anayempigia Holmes kelele kwamba aliwaumiza watu. Si mgonjwa. Ni wakili wa kampuni yenyewe, na Holmes anatoka nje kwenda kuita teksi.