Amana ya Mkata Chuma

Katika karakana moja ya Gerezani, Dar es Salaam, ambako mageti na grili za nyumba nyingi za jiji hukatwa na kuungwa, yuko fundi mtu mzima aliyefunzwa kazi zama za tochi ya gesi, alipokuwa akiongozwa na chaki, rula na macho yake mwenyewe. Naye siku hizi, asubuhi kabla kelele hazijaanza, huonekana ameketi mbele ya kompyuta iliyotanda vumbi la chuma, akiandika kwa vidole viwili hesabu za maktaba ya zana, yaani vipimo ambavyo mashine ya kukata huvifuata. Mpita njia hudhani mzee amechoka na kazi, amejitafutia kiti cha kupumzikia. Lakini mwenye kumtazama kwa makini hutambua ya kuwa hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote zitakazofanywa pale mchana kutwa, japokuwa haina moto wala cheche, na ya kuwa bamba lolote litakalolala juu ya meza ya plazma litapata heri au hasara kwa kadiri ya ukweli wa maneno yale machache yaliyoandikwa asubuhi.

Kwani mashine ya CNC, ikatayo chuma kwa mwali wa plazma ikiongozwa na kompyuta, haina hadhari pamoja na wepesi wake wote. Haijui kuwa chuma ni kinene au chembamba, wala haisikii mlio wa mwali ukibadilika; hujua lile tu lililowekwa ndani ya programu, na hulitenda bila ya kuuliza. Tochi iliyofungwa juu ya meza ni moja, ilhali katika maktaba ya mzee zana ni nyingi, maana kwake kila unene wa bamba, na kila kadiri ya umeme, na kila aina ya nozeli, ni zana mbali yenye jina lake na haki yake. Ukifungua SheetCam, programu ambayo mafundi wengi wa plazma duniani huitumia, kila zana hudai mambo yale yale: upana wa mkato, mwendo, kimo cha kutobolea, muda wa kusubiri chuma kitoboke, na kimo cha kukatia. Nafasi za kujaza ni chache, na mtu asiye na subira aweza kuzijaza zote kabla chai haijapoa. Mzee huyu huchukua siku nzima kwa zana moja, na wala haoni haya.

Siku hiyo huanza kwa kuokota kipande cha bamba lile lile litakalofanyiwa kazi, si kipande kinachofanana nalo. Hukata juu yake mistari iliyonyooka, kila mstari ukienda mbio kuliko uliotangulia, kisha hukigeuza kipande na kukisoma tumboni. Mwali ukienda pole mno, chini ya mkato huganda taka nene zenye mapovu, ambazo huanguka kwa kugongwa kidogo; ukienda mbio mno, hubaki ukingo mwembamba mgumu ulioshikamana na chuma chenyewe, usiotoka ila kwa tupa au grenda. Kati ya makosa mawili hayo pana nafasi ndogo ambamo mkato hutoka safi, na mistari midogo iliyochorwa na mwali ubavuni mwa chuma huinama kiasi tu. Mzee hupitisha kidole gumba kwa taratibu juu ya kila ubavu, akisha huandika mwendo ule ambao kidole chake kimeuridhia. Hapana kitabu kinachoweza kumfanyia kazi hiyo ya kidole.

Baada ya mwendo hufuata upana wa mkato, jambo ambalo kwalo fundi mkweli hujitenga na fundi wa kubahatisha. Huiamuru mashine ikate mraba wa milimita 100 pasipo kuusogeza mwali nje ya mstari, kisha huupima kwa vernia. Mraba ukitoka milimita 98.5, basi mwali umekula milimita 1.5, nusu upande huu na nusu upande huu, na hesabu hiyo ndiyo itakayoandikwa ili programu ijue kujitenga na mstari kwa milimita 0.75. Huirudia kazi hiyo akiwa na nozeli mpya, tena na nozeli iliyokwisha tumika, kwa kuwa tundu la nozeli hupanuka kwa kazi, na kipimo kilichokuwa cha haki wiki iliyopita chaweza kuwa cha dhuluma leo. Matundu ya bolti nayo huyaandikia zana yao peke yao, yenye mwendo wa yapata asilimia 60 ya ule wa ukingo wa nje, na ndani ya matundu hayo kidhibiti cha kimo, kinachoipandisha na kuishusha tochi wakati wa kukata, huzimwa, la sivyo tochi huyumba na tundu likatoka na umbo la yai. Tena huhakikisha tochi inauzunguka ukingo wa nje kwa kufuata saa, na matundu kinyume cha saa. Kwani hewa huzunguka ndani ya nozeli, na upande wa kulia wa safari ya mwali ndio utokao wima. Mwenye kulijua hilo hutupa upande uliopinda pamoja na makombo. Asiyelijua humuuzia mteja.

Elimu hii si ya kale sana, lakini haikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1952 chuo cha MIT, nchini Marekani, kilionyesha hadharani mashine ya kuchonga chuma iliyoongozwa kwa namba, tunda la fikira za John Parsons wa Michigan. Na mwaka 1957 Robert Gage, wa kampuni ya Union Carbide, akapata hataza ya tochi ya plazma. Mambo hayo mawili yalipokutana, mkono wa fundi uliondolewa juu ya moto, na ujuzi wake ukatakiwa kugeuzwa hesabu. Wenye kuunda tochi wakaandika majedwali yao, na ni majedwali mazuri: Hypertherm, kwa mfano, kwa tochi yake ya ampea 45, huagiza tochi itoboe ikiwa juu milimita 3.8, kisha ishuke hadi milimita 1.5 ndipo ikate, kwa sababu chuma kilichoyeyuka huruka juu wakati wa kutoboa, na tochi iliyo karibu mno hurushiwa uji wa moto usoni na nozeli yake ikaharibika. Mzee huyaheshimu majedwali hayo na huanza kwayo. Lakini yaliandikwa kwa nozeli mpya na hewa safi kavu, na hewa ya pwani yetu imejaa maji ambayo kompresa huyanywa na kuyasukuma hadi ndani ya tochi. Kwa hiyo kila asubuhi huondoa maji katika tangi na kuangalia kichujio, ndipo akaziamini namba.

Vijana wengi wa sasa, walio hodari wa kuchora maua na nyota za mageti kuliko sisi tulivyowahi kuota, hawana stahamala ya mambo hayo. Hupakua maktaba nzima iliyotungwa na mtu wa mbali, kwa mashine nyingine, kwa chuma kingine, pengine kwa inchi badala ya milimita, na huitia katika kompyuta bila ya kukata hata mstari mmoja wa majaribio. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Mkato ukitoka na taka, hulaumiwa mashine. Tundu likikataa bolti, hulaumiwa chuma. Kisha grenda hunguruma hadi magharibi, ikisawazisha kwa saa nyingi kosa ambalo lingaliondolewa kwa kubadili namba moja. Na anapotokea mmoja aliyejaribu na kupata, huiita zana yake "plazma mpya", au "ya pili", au "hii ndiyo", na baada ya mwezi mmoja yeye mwenyewe hajui ilikuwa ya unene gani.

Huzuni ya jambo hili ni kubwa kuliko hasara ya bamba, kwa sababu nchi hii imekwisha kuonja kupotewa na elimu ya chuma. Huko Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, wahunzi waliyeyusha chuma kwa karne nyingi katika tanuri za udongo, kwa mivukuto, kwa joto kali lililowastaajabisha wataalamu. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walieleza habari zao katika jarida la Science, baada ya wazee wa Kihaya kukubali kuiwasha tena tanuri. Lakini kazi hiyo ilikuwa imeachwa kwa miaka mingi tangu chuma cha kigeni kilipojaa masokoni, na wazee waliobaki iliwabidi kuitafuta upya kwa kujaribu na kukosa. Kipimo cha udongo, cha mkaa, cha pumzi ya mivukuto, vyote vilikuwa vimekaa katika vichwa na mikono, na wenye vichwa na mikono hiyo walizikwa navyo. Wale wana udhuru wa kusamehewa. Sisi, tuliojaliwa mahali pa kuandika kile ambacho jicho na kidole vimekijua, na tukapajaza hesabu za kuokota, tutatoa udhuru gani?

Nawasihi basi wenye karakana, na walimu wa vyuo vya ufundi, wamfundishe kijana kuunda zana moja ya kweli kabla hajafundishwa kuchora ua la kwanza. Na aiandike kwa jina kamili: aina ya chuma, unene, ampea, nozeli na tarehe ya kujaribiwa, asiingize namba ambayo hakuikata mwenyewe, na nakala ya maktaba aiweke nje ya kompyuta ile, kwa kuwa vumbi la chuma huziua kompyuta za karakana bila ya kutoa taarifa. Mafundi wa rika la mzee huyu wamebaki wachache, nao hawakatai kuulizwa. Waulizwe sasa, na majibu yao yaandikwe.