Tazama Kona Kwanza

Majuzi jirani yangu alinichukua nikaione nyumba mpya ya wageni, huku chini karibu na ziwa, ambayo Gisenyi nzima inaisifu. "Utadhani uko pwani," aliniambia njiani. Nilikuta nanga ya plastiki ukutani, wavu ambao haujawahi kuloa, bakuli la simbi mezani, na buluu kila mahali: milango, mito, hata vyungu vya maua. Watu walikuwa wanapiga picha mbele ya ukuta wa mawe meusi na kusema hapo ndipo pana kazi. Nilizunguka hadi kwenye kona ya ukuta huo, nikaitazama, nikamwomba jirani turudi.

Pwani ina sababu zake. Lamu na Unguja vyumba vya kale ni vyembamba kwa kuwa boriti za mikoko ni fupi. Kuta ni nene kwa sababu matumbawe na chokaa ndivyo vinavyotaka. Baraza iko nje kwa kuwa mgeni hukaa hapo, akazungumza, akanywa kahawa, bila kuingia kwa wenyewe. Sasa mtu akipigilia boriti bandia chini ya dari ya zege, hapa mita 1,460 juu ya bahari, kwenye ziwa lisilo na chumvi na usiku wa kujifunika blanketi, ameleta nini? Nyumba ya ziwani hujengwa kwa kile tunachokikanyaga, na sisi tunakanyaga jiwe la volkano. Nyiragongo imetupa jiwe hilo bila kipimo, sisi na wenzetu wa Goma ng'ambo ya mpaka: msingi, ngazi, uzio, kibaraza. Kwa hiyo anayetaka kujua nyumba ya Gisenyi ni nzuri au mbaya aanze na jiwe, na akianza na jiwe aende kwanza kwenye kona.

Wengi hutazama uso wa ukuta. Uso haukuambii kitu, kwa sababu siku hizi mawe hukatwa vipande vyembamba, unene wa vidole viwili, yakabandikwa kwa gundi ya vigae juu ya tofali. Ukisimama mbele huwezi kutofautisha. Kwenye kona hakuna pa kujificha. Kona ya kweli inashikwa na jiwe zima linaloonekana pande zote mbili: upande huu linaonyesha urefu wake, ukigeuka unaona upana wake. Jiwe linalokaa juu yake hufanya kinyume, refu huku, fupi kule, na hivyo kupokezana kozi kwa kozi hadi juu, kama vidole vya mikono miwili vilivyofumwa. Kwenye kona ya kubandika vipande vya upande mmoja vinakoma, vya upande wa pili vinaanza, na katikati unashuka mstari mmoja ulionyooka kuanzia juu hadi chini. Pitisha ukucha kwenye mstari huo. Ukishuka bila kukwama, hapo hakuna ukuta wa mawe, ni tofali lililovalishwa koti. Wajanja wamekwishajua kwamba kona inawaumbua, wanaifunika. Ukikuta chungu kikubwa cha maua kimesukumwa kwenye kona ya ukuta wa mawe, omba ruhusa ukisogeze.

Nilifundishwa hayo na mzee mmoja wa Birere, mtaa wa Goma, aliyekuwa akivuka mpaka kila alfajiri na nyundo yake ndani ya mfuko wa mchele. Siku ya kwanza ya kazi hakuruhusu saruji ikorogwe. Alitembea kwenye lundo la mawe asubuhi nzima, akiyageuza, akiyagonga, akisikiliza. Yanayolia kama chuma yalikwenda chini, kwenye msingi. Yenye matundu mengi, mepesi, yalingoja juu, mbali na maji ya ardhini. Yale yenye nyuso mbili zilizokutana vizuri aliyapeleka chini ya mwembe, na hayo hayakuguswa na mtu. Kijana mmoja alichukua moja akalijazia katikati ya ukuta. Mzee hakupiga kelele. Alilitoa saruji ikiwa bado mbichi, akaliosha kwa mkono, akalirudisha chini ya mwembe. "Mwanangu," alimwambia, "hili ni la kona. Nimelitafuta siku tatu."

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na siku zilizofuata ardhi ilitetemeka Goma na hapa wilayani kwetu Rubavu, nyumba nyingi zikapasuka. Kibaraza cha dada yangu kilikuwa kimejengwa na fundi aliyelipwa bei ya mawe mazima. Siku ya tatu mawe yale yalidondoka kama magamba ya samaki, na nyuma yake tukaona tofali jekundu lenye mistari ya gundi. Ng'ambo ya barabara ukuta wa mzee wa Birere ulipata ufa mmoja uliofuata viungo. Hakuna jiwe lililotoka.

Baada ya kona, tazama kiungo. Saruji ikae ndani, kidole kizame hadi pingili ya kwanza, ili kivuli ndicho kichore mstari. Saruji iliyotokeza nje kama mshipa, halafu ikapakwa rangi nyeupe, ni dalili ya fundi aliyeshindwa kuchagua mawe akajaza mapengo.

Yaliyobaki ni mepesi. Kibaraza kiwe na kina cha kutosha kiti kukaa, mvua ya ziwani inyeshe bila kukigusa. Viti viwe vya chini, vya mbao isiyopakwa rangi. Mkeka uwe wa mafunjo, na pindo lake likunjwe na kushonwa. Uliokatwa kwa mkasi na kuachwa utaanza kuchanika mwezi wa pili. Picha ya imigongo ya Kirehe inatosha moja kwa ukuta, na uiguse: migongo yake iwe imeinuliwa kwa vidole kutoka kwenye samadi na majivu, maana siku hizi wengine wanachora mstari tu kwenye mbao. Buluu usiipake popote. Ziwa liko mbele yako, linabadilika rangi kutwa, na rangi yoyote ya kopo itaonekana imekufa mbele yake.

Nyumba za zamani chini ya mitende zililijua hilo. Kuta za uzio wake zilikuwa fupi, na jioni mtu aliyeketi kibarazani aliiona mitumbwi ya kuvua sambaza ikitoka, mitatu mitatu imefungwa pamoja, na kuwasikia wavuvi wakiimba huku wakipiga makasia. Leo tunajenga uzio mrefu kuliko mtu, halafu tunatundika wavu sebuleni ili tukumbuke ziwa.

Mzee amefariki. Yule kijana aliyechukua jiwe la kona sasa ni fundi, na wiki hii anajenga uzio mfupi kwenye njia ya kwenda Rubona. Nilipita asubuhi. Saruji ilikuwa bado kwenye mifuko yake, na chini ya mti, mbali na lundo, palikuwa na mawe kumi na moja yaliyopangwa peke yake.