Nyenje, sisimizi na muhogo wa Simi-Simi

Wandugu wa promosheni, wengi wetu tulishika kichwani ile hadithi ya nyenje na sisimizi tangu shule ya msingi. Ni ya La Fontaine, Mfaransa, ilitoka mwaka 1668. Nyenje anaimba wakati wote wa joto, baridi inafika, hana kitu. Anaenda kukopa kwa sisimizi, na huyu anamfukuza akacheze ngoma. Miye niliisema mbele ya darasa, mikono mgongoni, bila kosa hata moja. Baridi gani? Hapa Kisangani ikweta iko karibu, hatuna hata mwezi mmoja mkavu kabisa. Sikuuliza.

Shida ilitokea kwenye staji ya agronomia. Mama mmoja, huku kwetu Simi-Simi, alikuwa na muhogo umekomaa shamba zima, na havuni. Anachimba wa kula siku mbili, basi. Nikaandika katika ripoti: hana desturi ya kuweka akiba. Yaani njo nyenje mwenyewe. Na miye nilikuwa nimesoma chuoni kwamba muhogo ukishachimbwa unaanza kuharibika ndani ya siku mbili, tatu, lakini ukibaki ardhini unakungoja miezi mingi. Udongo ndio ghala. (Ukikaa sana unakuwa na nyuzi, ni kweli. Mama alijua hilo kuliko miye.) Kichwani mwangu hadithi ilishinda masomo.

Siilaumu juu ni ngeni. Muhogo nao ni mgeni, ulivuka bahari kutoka Amerika wakati wa Wareno. Lakini wazee waliupanda, wakachagua mbegu, wakaupa majina yao, wakala mpaka majani. Leo nani atasema pondu si yetu? Hata pale Yangambi mbegu mpya inapandwa kwanza kwenye viwanja vya majaribio, msimu juu ya msimu, mbele ya kumfikia mkulima. Hadithi tulipewa bila kiwanja. Tena La Fontaine mwenyewe anamchoma sisimizi kidogo juu ya uchoyo wake. Mwalimu wetu alipita pale mbio.

Jioni, kwa bibi, ilikuwa Mboloko, kale kaswala kadogo ka porini kanakomshinda chui kwa akili. Katika zile nilizosikia, mchoyo ndiye anachekwa mwishoni. Na nyenje wa huku angekula vizuri tu: nani kati yetu aliona matanga ambapo waimbaji wanakesha na njaa? Lakini hadithi za bibi hazikuwa na pointi. Hakuna aliyetuuliza kuzisema mbele ya darasa, na leo nikijaribu kumsimulia mtoto wa dada yangu, ninafika katikati ninapotea. Ya nyenje ninaimaliza yote, kwa Kifaransa.

Ripoti yangu ilipata pointi nzuri. Ule mstari juu ya mama haukupigwa hata alama nyekundu.