Mito na Minyororo: Sauti ya Mtumwa katika Masimulizi ya Charles Ball

Mwaka 1836 kilichapishwa nchini Marekani kitabu cha maisha ya Charles Ball, mtumwa mzaliwa wa Maryland. Ball hakukiandika kwa mkono wake. Alimsimulia Isaac Fisher, mwanasheria Mzungu, naye Fisher akayatia maneno hayo katika maandishi. Katika dibaji, Fisher anakiri kwamba fikra za Ball kuhusu utumwa ameziacha nje kwa makusudi. Ndiyo maana wapo waliokitilia shaka kitabu hiki na kuuliza kama kweli mna sauti ya Mwafrika ndani yake. Rai yetu ni kwamba fikra za Ball zilifutwa, lakini hukumu yake imesalia katika muundo wa usimulizi.

Tuanze na safari. Ball anauzwa ghafla, anatengwa na mkewe na wanawe, kisha anaunganishwa na watumwa wengine 51 katika msafara wa kwenda South Carolina, wanaume wakiwa na minyororo shingoni. Wanahistoria hukiita kipindi hicho enzi ya kupanuka kwa jamhuri. Mashine ya Eli Whitney ya kuchambua pamba ilikuwa imevumbuliwa mwaka 1793, Louisiana ikanunuliwa kutoka Ufaransa mwaka 1803, na uingizaji wa watumwa kutoka ng'ambo ulipopigwa marufuku mwaka 1808, mashamba mapya ya kusini yalitegemea zaidi biashara ya ndani. Ball haielezi historia hiyo kwa lugha ya wanahistoria. Yeye anataja mito. Anajilazimisha kukariri vivuko na miji anayopitia ili siku moja aweze kurejea. Hivyo njia moja inabeba ramani mbili: ya mfanyabiashara iendayo kusini, na ya mtumwa irudiyo kaskazini. Anapotoroka Georgia na kurudi Maryland kwa miguu, akisafiri usiku, tunatambua kwamba mito ile haikuwa pambo la mandhari bali silaha.

Utata mkubwa zaidi umo katika masimulizi ya vita vya 1812 hadi 1815 baina ya Marekani na Uingereza. Ball anajiunga na kikosi cha majini cha Joshua Barney na kupigana Bladensburg mwaka 1814. Katika vita hivyo, watumwa zaidi ya 100 wa bibi mmoja wanatorokea merikebu za Waingereza, naye Ball anafuatana na ujumbe unaokwenda kuwashawishi warudi. Wanakataa. Walipokuwa karibu kupelekwa Trinidad, Ball anahimizwa aende nao. Anajibu kwamba yeye tayari ni mtu huru.

Jibu hilo linamshtua msomaji, kwani Ball mwenyewe ni mtoro. Mtoro anawasihi watoro wenzake warudi utumwani! Msimulizi haonyeshi majuto wala hatoi ufafanuzi. Je, huu ni ukimya wa Ball au ni mkasi wa Fisher? Dibaji haituruhusu kukata shauri. Hata hivyo, matukio yanayofuata yanajibu kwa niaba yake. Miaka mingi baadaye Ball anakamatwa huko huko Maryland na kurudishwa Georgia. Anatoroka tena, safari hii akijificha miongoni mwa marobota ya pamba melini hadi Philadelphia. Anaporudi kuitafuta familia yake, anaikuta imekwisha kuuzwa, ingawa kisheria walikuwa watu huru.

Waliokwenda Trinidad walikuwa wameona mbali. Jamhuri aliyoipigania Ball haikuulinda uhuru aliojitangazia. Kitabu hakiitamki hukumu hiyo popote, lakini kwa kuyapanga matukio haya yakafuatana, kinamlazimisha msomaji kuitamka mwenyewe. Fisher aliweza kuyafuta maoni ya Ball. Mpangilio wa maisha yake hakuweza kuufuta. Kwa hiyo mhakiki wa masimulizi ya watumwa hana budi kusoma matukio kwa makini kama asomavyo kauli.