Sikio la Muuza Santuri

Santuri za tekno na hausi zinazotoka kwa wiki moja tu haziwezi kusikilizwa zote na mtu mwenye kazi nyingine, hata akikesha. Lazima awepo wa kusikiliza kwa niaba yetu, aziache nyingi, abakize chache, kisha aziweke mahali tutakapoziona. Katika Berlin, London na Chicago kazi hiyo imeshikwa kwa muda mrefu na mtu wa nyuma ya kaunta, hedifoni imebanwa kati ya sikio na bega. Wapita njia humwona mchuuzi. Mimi namwona fundi, tena fundi anayesahauliwa kuliko wote katika muziki huu. Jina la dijei liko kwenye bango, la mtayarishaji liko kwenye lebo, la kwake haliko popote.

Mgeni anayetafuta maduka haya Berlin asihangaike na barabara kuu zenye madirisha ya maonyesho. Hard Wax, duka alilolifungua Mark Ernestus mwaka 1989, kwa miaka mingi lilikuwa Kreuzberg, kando ya mfereji wa maji, barabara ya Paul-Lincke-Ufer. Ulilazimika kuingia uani, kwenye majengo ya nyuma, ukapanda ngazi zilizojaa stika na michoro hadi ghorofa ya tatu. Hakuna aliyefika pale kwa kukosea njia. Mwaka ule wa kufunguliwa kwake ndio ulioangusha Ukuta wa Berlin, na duka lilijaza rafu zake kwa santuri za Detroit, zikiwemo kazi za Underground Resistance, kundi la Mike Banks na Jeff Mills. Klabu ya Tresor ilipofunguliwa mwaka 1991 katika vyumba vya hazina vilivyobaki chini ya ardhi ya duka kubwa la zamani la Wertheim, vijana wa mashariki na wa magharibi walicheza pamoja muziki uliotungwa na Weusi wa Detroit. Historia hiyo husimuliwa kwa kuwataja wapigaji na klabu. Lakini muziki ule haukuvuka bahari wenyewe. Kuna aliyeusikia, akauagiza, akalipia mzigo, akausimamia mbele ya wateja ambao hawakuwa wameuomba.

Si ajabu kwamba kaunta ile imekuwa chuo. DJ Hell, Electric Indigo na Marcel Dettmann wote waliwahi kufanya kazi pale. Mtu anayepokea maboksi, anayafungua, anasikiliza pande zote mbili na kuandika maneno machache ya kumwongoza mnunuzi, hujifunza jambo ambalo jukwaani halifundishwi: kutofautisha kizuri na kipya. Na yale maneno machache ni uandishi wa hali ya juu. Aina ya ngoma, uzito wa besi, wapi inaelekea, basi. Wahakiki tunaojaza kurasa tungefaa kuonja nidhamu hiyo.

Nenda uone mwenyewe kazi ikifanyika. Katika duka moja la Neukölln, muuzaji alinisalimu kisha akaniuliza saa ngapi za usiku nilikusudia kupiga santuri nilizokuwa nikitafuta. Hakuuliza aina ya muziki. Alitaka kujua kama ni za saa nne, watu wakiwa bado wanavua makoti, au za saa kumi alfajiri, waliobaki wakiwa hawataki tena maneno. Alinitazama kama mshona kanzu anavyokutazama mabega kabla hajachukua futi. Kisha akapita rafuni, akachomoa hapa mbili, pale moja, akarudisha moja aliyokuwa ameshaitoa, akanipa kifungu na kunionyesha mashine ya kusikilizia pembeni.

Kusikiliza kwenyewe kuna mbinu. Inamisha santuri kwenye taa utaona mifuo haifanani: penye ngoma nzito pana rangi moja, ngoma zinapotoka na kuacha vinanda peke yake mwanga unabadilika, unajitokeza utepe ulio tofauti na jirani zake. Dijei mzoefu huusoma utepe huo gizani kwa kitaa kidogo. Unaweka sindano mwanzoni, unaiinua, unaiweka katikati, halafu karibu na mwisho. Ukifika pale karibu na lebo ambapo mfuo umekwisha, utaona herufi zilizochongwa kwa mkono: namba ya toleo, alama ya aliyekata, pengine neno la siri kutoka kwa mtayarishaji. Herufi D na M zikiwa pamoja, umeshika kazi iliyokatwa na Dubplates & Mastering ya Berlin, karakana iliyoanza mwaka 1995 kutokana na mikono ile ile ya Hard Wax.

Muuzaji hodari anajua pia mwili wa santuri. Santuri ya inchi 12 yenye wimbo mmoja kila upande ilizaliwa New York katikati ya miaka ya 1970, Tom Moulton na fundi wake wa kukata walipoona kwamba wimbo ukipewa nafasi pana mfuo unaweza kubeba sauti kubwa na besi ya kutosha ukumbi. Besi ndiyo yenye gharama. Inaupanua mfuo, na ikigawanywa kulia na kushoto badala ya kukaa katikati, sindano huruka. Kwa hiyo yule wa kaunta anakagua: tundu limekaa katikati? Sahani imepinda? Upande wa pili umekatwa kwa sauti ya chini? Nimewahi kuona mtu akirudisha boksi zima kwa msambazaji kwa sababu ya mkwaruzo ambao mimi nisingeusikia, na pesa yake ilikuwa imeshatoka.

Ujasiri huo wa pesa haupewi heshima yake. Matoleo mengi ya muziki huu hupigwa nakala 300 au 500 tu kwa dunia nzima. Muuzaji akichukua tano na zote zikaondoka asubuhi, amewakosesha wateja wake wimbo wa mwaka. Akichukua thelathini zikalala, kodi ya pango inamsubiri. Kila rafu iliyopangwa vizuri, iwe ya Gramaphone pale Chicago, duka lililopo tangu 1969, au ya Phonica katika mtaa wa Soho, London, ni jumla ya madau ya aina hiyo yaliyochezwa wiki baada ya wiki.

Intaneti imesaidia, sikatai. Discogs, iliyoanza mwaka 2000, itakuambia santuri ilitoka lini, ilipigwa mara ngapi, bei yake jana. Naitumia na kuishukuru. Lakini inanijibu nilichouliza. Muuza santuri hunipa nisichojua kuuliza.

Ndivyo nilivyoikuta singeli, muziki wetu wa kasi wa Dar es Salaam, kule Berlin. Sikwenda kuitafuta, kwa kuwa sikudhani ipo. Muuzaji aliposikia natoka Dar es Salaam alinivutia *Sounds of Sisso*, mkusanyiko wa mwaka 2017 wa Nyege Nyege Tapes ya Kampala, uliotoka katika studio ya Sisso, kwetu Mburahati. Nikamuuliza inakaaje kati ya tekno, nayo inakimbia zaidi ya midundo 200 kwa dakika. Akaniambia nihesabu nusu: wimbo wa 260 unalala sawasawa juu ya tekno ya 130. Alikuwa ameshaufanyia kazi, mtu ambaye hajawahi kukanyaga Manzese ya Dar, na alizungumza juu ya ngoma zile kwa adabu ambayo baadhi yetu nyumbani tuliichelewesha.

Kwetu singeli haikukua kwenye santuri. Ilikua kwenye vigodoro, kwenye simu, kwenye flashi na memori kadi, na katika vibanda ambako vijana wanarusha nyimbo kwa bei ya maji ya kunywa. Vijana hao nao wanasikiliza kwa niaba yetu. Mpe memori kadi kijana wa kibandani Mburahati, hatakuuliza unapenda msanii gani. Atakuuliza, "Kaka, ya kwenye bajaji au ya shughuli?" maana ya bajaji lazima ishinde kelele za barabara na imalize foleni, na ya shughuli lazima ianze taratibu, mama mwenye nyumba akiwa bado anapokea wageni. Kisha anaanza kuchagua, na hana haja ya kutazama orodha.